Mashine Inayosikiliza: Kazi ya Profesa Jack Mostow na Funzo Lake kwa Walimu wa Kiswahili

Utangulizi

Kila mwalimu aliyepata kuwafundisha watoto kusoma anaijua kazi moja ambayo haiandikwi katika maandalio ya somo, nayo ni kazi ya kusikiliza. Mtoto husimama na kitabu chake, huanza kusoma kwa sauti, naye mwalimu hutega sikio. Humngoja mtoto anapokwama, humpa silabi ya kwanza anaposhindwa, hunyamaza anapojirekebisha mwenyewe. Kazi hiyo haina badala. Lakini natufanye hesabu ndogo. Kipindi ni cha dakika 40, na darasa lina watoto 50. Hata kama mwalimu hatasema neno lolote la kwake, kila mtoto atapata sekunde 48 tu za kusikilizwa. Ndiyo maana wako watoto wanaopanda madarasa wakiitikia vizuri pamoja na wenzao, ilhali wakiwa peke yao hawawezi kusoma sentensi moja.

Makala haya yanamhusu mtaalamu aliyetumia karibu miaka 30 ya maisha yake kuifundisha mashine kazi hiyo ya kusikiliza. Huyo ni Profesa Jack Mostow wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, katika mji wa Pittsburgh, Marekani. Tunakusudia kueleza fikra alizozirithi, kazi aliyoifanya, na jinsi kazi hiyo ilivyofika katika vijiji vya Tanga ikiwa inazungumza Kiswahili. Mwishoni tutatazama jambo linalotukabili sisi wenyewe.

Tunaandika tukiwa Rebero, kilima kilichoko kusini mwa mji wa Kigali, katika Wilaya ya Kicukiro. Huenda msomaji akauliza: profesa wa Pittsburgh ana uhusiano gani na walimu wa Rebero? Uhusiano upo, tena wa karibu. Chuo kikuu chake kimekuwa na tawi hapa Kigali tangu mwaka 2011, na tangu mwaka 2019 tawi hilo liko Masoro, upande wa pili wa mji wetu. Aidha, Kiswahili kilifanywa kuwa lugha rasmi nchini Rwanda mwaka 2017, kikaungana na Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza. Kwa hiyo mashine yoyote inayodai kufundisha Kiswahili itafika mlangoni petu, tupende tusipende. Ni heri tuijue historia yake kabla haijabisha hodi.

Chimbuko la fikra

Wazo la mashine ya kufundishia halikuanza na kompyuta. Katika miaka ya 1920 Sidney Pressey, wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, alitengeneza mashine ndogo iliyompa mwanafunzi maswali ya kuchagua jibu na kumjulisha papo hapo kama amepata au amekosa. Katika miaka ya 1950 B. F. Skinner wa Harvard aliliendeleza wazo hilo kwa kuligawa somo katika hatua ndogondogo. Mwaka 1960 Chuo Kikuu cha Illinois kikaanzisha PLATO, mtambo wa kompyuta wa kufundishia. Mitambo hiyo yote ilikuwa na upungufu mmoja: njia ilikuwa imekwisha kuchorwa. Mwanafunzi aliyeelewa na yule aliyebahatisha waliongozwa kwa namna moja, kwani mashine haikuwa na habari yoyote juu ya yaliyomo kichwani mwa mwanafunzi.

Mwaka 1970 Jaime Carbonell aliandika juu ya programu aliyoiita SCHOLAR, ambayo ilifundisha jiografia ya Amerika ya Kusini. Programu hiyo iliweza kumwuliza mwanafunzi maswali, na mwanafunzi naye aliweza kuiuliza. Hapo ndipo wataalamu wengi wanapouhesabu mwanzo wa programu za kufundishia zenye akili, yaani zile zinazotumia kile tunachokiita leo akili unde, au akili mnemba kama wengine wasemavyo.

Mwaka 1984 Benjamin Bloom wa Chicago aliwapa watafiti hao sababu kubwa ya kujibidiisha. Alionyesha kwamba mwanafunzi wa kawaida aliyefundishwa peke yake na mwalimu wake, kwa utaratibu maalumu, alifikia kiwango kilichowazidi takriban asilimia 98 ya wale waliofundishwa darasani kwa njia ya kawaida. Tatizo, alisema Bloom, ni kwamba hakuna taifa linaloweza kumpa kila mtoto mwalimu wake. Uchunguzi wa baadaye ulipunguza makali ya takwimu hiyo. Kurt VanLehn, katika uchambuzi wake wa mwaka 2011, aliona kwamba faida ya mwalimu wa mtu mmoja ni kubwa lakini haifikii nusu ya ile aliyoitaja Bloom, na kwamba programu nzuri zinazofuata kila hatua ya kazi ya mwanafunzi zinamkaribia sana mwalimu huyo. Hata hivyo, swali la Bloom lilibaki pale pale: tufanyeje ili kila mtoto apate wa kumwangalia yeye peke yake?

Shauri na tendo

Jack Mostow alipata shahada yake ya uzamivu katika sayansi ya kompyuta hapo hapo Carnegie Mellon mwaka 1981. Utafiti wake wa wakati ule haukuhusu watoto wala vitabu. Ulihusu swali lionekanalo dogo: mashine ikipewa shauri, itaweza je kuligeuza kuwa tendo? Mfano alioutumia ni mchezo wa karata uitwao Hearts. Mchezaji huambiwa, "Epuka kuchukua pointi." Shauri ni zuri, lakini halisemi ni karata gani itupwe sasa hivi. Ili lifae, halina budi kugeuzwa kuwa hatua: tazama karata zilizokwisha kuchezwa, kadiria zilizobaki mikononi mwa wengine, kisha amua.

Tunalitaja jambo hili kwa sababu linaugusa moyo wa kazi yetu. Vyuo vya ualimu vimejaa mashauri mazuri: mtie moyo mwanafunzi, mwongoze wala usimfanyie, anza na analolijua uende kwa asilolijua. Mwalimu mgeni huyakariri yote, kisha akasimama mbele ya mtoto aliyekwama kwenye neno "nyang'anya" asijue la kufanya. Kumpa neno zima ni kumfanyia. Kunyamaza ni kumtesa. Baina ya shauri na tendo kuna bonde, na mwalimu stadi ni yule aliyekwisha kulivuka mara nyingi hata halioni tena. Mtu anayetaka kuifundisha mashine kufundisha analazimika kuliona bonde hilo na kulijengea daraja, tofali kwa tofali.

Sikio la Pittsburgh

Baada ya kufanya utafiti na kufundisha katika vyuo vingine vya Marekani, kikiwamo Rutgers, Mostow alirudi Pittsburgh mwanzoni mwa miaka ya 1990, akaongoza mradi ulioitwa LISTEN, jina ambalo kwa Kiingereza maana yake ni "sikiliza". Wakati huo programu za kufundishia zenye akili zilikuwa zimeanza kustawi. John Anderson na wenzake, katika chuo hicho hicho, walikuwa wamekwisha kutengeneza programu za kufundisha jiometri na lugha za kompyuta. Lakini programu hizo zote zilimtaka mwanafunzi aandike jibu lake kwa mashine. Mtoto asiyejua kusoma angeandika nini? Kwake yeye mlango pekee ulikuwa sauti.

Bahati nzuri, Carnegie Mellon kilikuwa kitovu cha utafiti wa utambuzi wa usemi. Chini ya uongozi wa Raj Reddy, mwana wa India aliyekuja kutunukiwa Tuzo ya Turing mwaka 1994, watafiti wa hapo walikuwa wametengeneza mtambo ulioitwa Sphinx, ambao uliweza kutambua maneno ya mtu azungumzaye mfululizo. Mostow aliuchukua mtambo huo akauelekeza kwa mtoto asomaye.

Kwa upande mmoja kazi hiyo ilikuwa rahisi kuliko utambuzi wa mazungumzo ya kawaida, kwa sababu mashine ilijua mapema sentensi iliyo mbele ya mtoto. Kwa upande mwingine ilikuwa ngumu zaidi. Sauti ya mtoto ni nyembamba kuliko ya mtu mzima. Mtoto anayejifunza kusoma husitasita, hurudia, huruka mstari, hubuni neno lisilokuwapo, hucheka na mwenzake, hupiga chafya. Mashine ilipaswa kufuata mahali alipo mtoto katika sentensi huku ikiyapuuza yale yasiyohusika.

Hapo ndipo Mostow na wenzake walipofanya uamuzi ambao kwa maoni yetu ndio wenye hekima kuliko yote waliyoyafanya. Mashine inayosikiliza inaweza kukosea kwa namna mbili. Inaweza kuliacha kosa lipite bila kuliona, au inaweza kumwambia mtoto kwamba amekosea hali amesoma sawasawa. Kosa la kwanza huchelewesha. La pili huvunja moyo. Kwa hiyo waliirekebisha mashine iwe na staha. Katika majaribio ya mwanzo iligundua takriban nusu tu ya maneno yaliyosomwa vibaya, lakini ni mara chache sana ilipomlaumu mtoto bure. Isitoshe, haikutumia ukali. Mtoto akikwama, ilimsomea neno, au ilimpa silabi zake, au ilimwonyesha neno jingine lenye sauti kama hiyo, kisha ikamwachia nafasi ajaribu tena. Katika kuchagua hadithi, mtoto na programu walipokezana zamu: leo uchague wewe, kesho nichague mimi, ili mtoto asikimbilie hadithi zile zile rahisi siku zote.

Kuanzia katikati ya miaka ya 1990 programu hiyo iliingia katika shule za msingi za Pittsburgh, na katika miaka ya 2000 mamia ya watoto waliitumia kila siku ya masomo, kila mmoja kwa muda wa dakika 20 hivi. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2003 uliwalinganisha watoto wa darasa la pili na la tatu wa makundi matatu: waliosoma na programu, waliofundishwa mmoja mmoja na walimu waliohitimu, na waliobaki katika mafundisho ya kawaida ya darasani. Waliosoma na programu waliwashinda wale wa darasani katika baadhi ya vipimo. Walimu wa mtoto mmoja mmoja waliishinda programu hasa katika kipimo kimoja, nacho ni uwezo wa kusoma neno geni kwa kulitamka sauti baada ya sauti. Kwa maneno mengine, pale mtoto anapopambana na neno asilolijua, bado sikio na kinywa cha mwalimu vilikuwa na ubora wake.

Kukijua kile mtoto akijuacho

Hapa hatuna budi kueleza kidogo jinsi programu ya namna hii inavyoweza kuitwa yenye akili. Mwaka 1995 Albert Corbett na John Anderson walieleza njia ya kufuatia maarifa ya mwanafunzi hatua kwa hatua. Njia yenyewe si ngeni kwa mwalimu. Chukua mtoto anayejifunza tofauti ya "ng" na "ng'". Akisoma "ng'ombe" sawasawa mara ya kwanza, mwalimu hasemi kwamba amekwisha kujua, huenda amekisia. Akisoma sawasawa mara ya pili na ya tatu, imani ya mwalimu huongezeka. Akikosea baadaye, imani hupungua lakini haifutiki, kwa kuwa hata anayejua huteleza. Programu hufanya hivyo hivyo kwa tarakimu: kwa kila ujuzi huweka kadirio la uwezekano kwamba mtoto anaujua, na kila mtoto asomapo kadirio hupanda au kushuka. Likifika juu ya kutosha, programu husonga mbele. Lisipofika, huleta zoezi jingine.

Mostow aliongeza jambo lake. Kwa kuwa programu ilihifadhi kila neno lililosomwa na kila msaada uliotolewa, iliweza kufanya majaribio yenyewe kwa yenyewe. Mtoto akikwama, programu ilichagua kwa kura aina ya msaada, kisha ikangoja kuona mtoto atakavyolisoma neno lile lile siku nyingine. Baada ya misaada maelfu kwa maelfu, watafiti waliweza kusema msaada upi ulifaa kwa mtoto gani na kwa neno la namna gani. Kazi hiyo ni sehemu ya elimu mpya ya kuchimbua maarifa kutoka katika kumbukumbu za wanafunzi. Mwalimu mzee hufanya uchunguzi huo huo, lakini matokeo yake hubaki kichwani mwake, na siku astaafupo huondoka nayo.

Safari ya kuja Afrika

Programu ya Pittsburgh ilivuka bahari katika muongo wa 2000. Ayorkor Korsah, mwanasayansi wa Ghana aliyesomea Carnegie Mellon na ambaye baadaye alifundisha katika Chuo Kikuu cha Ashesi, alishirikiana na Mostow na wenzake kuijaribu nchini Ghana na Zambia, wakaandika matokeo yao mwaka 2010. Matokeo yalitia moyo, lakini yalileta pia maswali. Sikio la programu lilikuwa limezoezwa kwa sauti za watoto wa Marekani, na hadithi zake zilikuwa za Kiingereza. Mtoto wa Accra alikuwa akijifunza kusoma lugha ya shule, mbele ya mashine iliyozoea lafudhi ya mbali.

Swali hilo lilipata sura mpya mwezi Septemba 2014, taasisi ya XPRIZE ya Marekani ilipotangaza mashindano yenye thamani ya dola milioni 15. Masharti yalikuwa magumu: tengenezeni programu itakayomwezesha mtoto asiye na shule kujifunza mwenyewe kusoma, kuandika na kuhesabu. Lugha iliyochaguliwa kwa majaribio ilikuwa Kiswahili, na mahali palipochaguliwa ni Mkoa wa Tanga, Tanzania. Karibu timu 200 kutoka nchi 40 zilijiandikisha. Profesa Mostow aliunda timu iliyoitwa RoboTutor. Mwezi Septemba 2017 timu tano zilifuzu na kupewa dola milioni moja kila moja: CCI ya New York, Chimple ya Bangalore, Kitkit School ya Berkeley na Seoul, onebillion ya London na Nairobi, na RoboTutor ya Pittsburgh.

Katika RoboTutor mtoto aliandika kwa kidole juu ya kioo, alihesabu, na alisoma hadithi kwa sauti huku programu ikimsikiliza. Sikio lililokuwa limezoea Kiingereza lilipaswa sasa kuzoea Kiswahili, na hapo lugha yetu ilionyesha fadhila zake na ugumu wake. Fadhila yake ni tahajia. Kwa Kiingereza mashine inahitaji kamusi kubwa ya matamshi, kwa sababu maandishi hayatoshi kuonyesha sauti. Kwa Kiswahili matamshi yote yanaweza kutolewa katika herufi kwa kanuni chache, na mkazo huwa katika silabi ya pili kutoka mwisho. Ugumu wake ni kitenzi. Neno "hawakutufundisha" lina silabi saba na ndani yake mna sentensi nzima. Hakuna orodha inayoweza kuyamaliza maumbo ya vitenzi vyetu. Isitoshe, mtoto asomaye neno refu hivyo hulikatakata mahali pasipotarajiwa, na mashine iliyozoea maneno mafupi ya Kiingereza lazima ijifunze subira mpya.

Tanga, 2017 hadi 2019

Majaribio yalifanywa kwa muda wa miezi 15, kwa ushirikiano wa UNESCO, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani na Serikali ya Tanzania. Watoto wanaokaribia 3,000, katika vijiji 170 hivi, walipewa vishikwambi vilivyotolewa na kampuni ya Google. Kwa kuwa vijiji vingi havikuwa na umeme, vilijengwa vituo vya kuchajia kwa nguvu za jua. Watoto walipimwa kabla na baada ya majaribio.

Takwimu za mwanzo zilisikitisha. Kwa taarifa zilizokusanywa, asilimia 74 ya watoto hao hawakuwa wamepata kwenda shule, asilimia 80 hawakuwa wamepata kusomewa nyumbani, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15, idadi ya wasioweza kusoma neno hata moja ilikuwa imepungua kwa nusu. Tarehe 15 Mei 2019 ilitangazwa kwamba Kitkit School na onebillion wamelingana katika ushindi, wakagawana dola milioni 10. RoboTutor haikushinda. Hata hivyo programu zote tano ziliwekwa hadharani, ili mtu yeyote azichukue, azitumie na kuzirekebisha bila malipo.

Je, matokeo hayo tuyapime vipi? Wapo waliosherehekea wakisema kwamba mtoto anaweza kujifunza bila mwalimu. Wapo waliodharau wakisema kwamba karibu nusu ya watoto walibaki pale pale. Sisi tunaona kwamba pande zote mbili zimeusahau upande wa pili wa sarafu. Kwa mtoto ambaye hakuna aliyemfungulia kitabu, kusoma neno la kwanza ni jambo kubwa, na hatuna haki ya kulidharau. Lakini si kweli kwamba watoto hao hawakuwa na mwalimu. Walikuwapo walioandika hadithi, walioimba nyimbo za silabi, waliosoma kwa sauti mbele ya kinasa sauti, waliochagua kwamba "baba" litangulie "ng'ambo". Walikuwapo kijijini watu wazima waliovitunza na kuvichaji vishikwambi. Hao wote walikuwa walimu, ila majina yao hayakuandikwa ubaoni. Mashine haikuuondoa ualimu. Iliutawanya, ikauficha.

Sikio hilo na mtoto wa Rebero

Sasa turudi kwetu. Rwanda si ngeni wa vifaa vya namna hii. Tangu mwaka 2008 Serikali iligawa kompyuta ndogo za mradi wa kompyuta moja kwa kila mtoto, zikafika zaidi ya 200,000. Funzo kubwa la mradi huo lilikuwa kwamba kifaa kikimfikia mtoto kabla ya kumfikia mwalimu, huishia kabatini. Lakini programu inayosikiliza inaleta jambo jingine lililo zito zaidi, nalo ni hili: inasikiliza kwa sikio la nani?

Mtoto wa Rebero huanza na Kinyarwanda. Katika Kinyarwanda, sauti "r" na "l" hazitenganishi maana za maneno. Kwa hiyo anapoanza kusoma Kiswahili, "kula" huweza kutoka "kura" na "mahali" huweza kutoka "mahari". Hali kadhalika "thamani" huweza kutoka "samani", kwa kuwa sauti "th" haimo katika lugha yake ya kwanza. Mwalimu wa hapa hujua kutofautisha. Mtoto akisoma "mahari" mahali palipoandikwa "mahali", mwalimu hujua kama mtoto ametambua neno na ulimi tu ndio uliomponyoka, au kama hakuelewa asomacho. Jambo la kwanza ni la matamshi na lina wakati wake. La pili ni la kusoma na halina budi kushughulikiwa pale pale.

Mashine haitajua tofauti hiyo isipofundishwa. Ikiwa sikio lake limezoezwa kwa sauti za Tanga au Dar es Salaam peke yake, itamwambia mtoto wa Rebero, na wa Bukavu, na wa Gulu, kwamba hajui kusoma, hali anajua. Itakuwa imefanya kosa lile lile ambalo Mostow alilikwepa kwa bidii: kumlaumu mtoto bure. Tena italifanya mara mia kwa siku, kwa sauti ya upole, mbele ya mtoto asiye na wa kumtetea. Na ikilegezwa mno ili isimlaumu yeyote, basi haitamfundisha mtoto kwamba "kura" hupigwa na chakula huliwa. Kipimo cha kati hakiwezi kukisiwa kutoka Pittsburgh wala Seoul. Anayekijua ni mwalimu aliyesimama mbele ya watoto hawa.

Mji wetu umekwisha kuonyesha njia. Vijana wa Digital Umuganda, kampuni ya hapa Kigali, waliwahimiza Wanyarwanda kutoa sauti zao kwa ajili ya hazina ya Common Voice ya shirika la Mozilla, na Kinyarwanda kikapata zaidi ya saa 2,000 za usomaji ulionaswa, kikawa miongoni mwa lugha zenye akiba kubwa kabisa katika hazina hiyo. Waliiga desturi ya umuganda, ya watu kutoka majumbani na kufanya kazi ya pamoja bila ujira. Lakini hazina ya namna hiyo hujengwa hasa kwa sauti za watu wazima wasomao vizuri. Sauti ya mtoto anayejifunza kusoma Kiswahili, pamoja na kusitasita kwake, haipatikani hapo.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu kwa wanachama wenzetu. Kwanza, kila mwalimu aanze kuandika daftari la makosa: neno lililoandikwa, jinsi mtoto alivyolisoma, lugha yake ya kwanza, na msaada uliomfaa. Daftari la namna hiyo la mwaka mmoja, kutoka shule kumi tu, litakuwa na thamani kwa mwalimu mgeni na kwa mtengenezaji wa programu pia. Pili, kwa idhini ya wazazi, na bila kutaja majina, tukusanye sauti za watoto wetu wakisoma, zihifadhiwe na chama na kutolewa kwa masharti yetu. Tatu, tuandike hadithi fupi za daraja mbalimbali, zenye milima, migomba na masoko wanayoyajua watoto wetu, kwa Kiswahili sanifu kisichonuka tafsiri.

Hitimisho

Tumeona kwamba kazi ya Profesa Mostow ilianza na swali la kugeuza shauri kuwa tendo, ikapata umbo lake katika mashine inayomsikiliza mtoto kwa staha, ikafika hatimaye katika lugha yetu. Ubora wa kazi hiyo hautokani na wingi wa umeme uliotumika. Unatokana na kwamba mtaalamu mmoja alikaa miaka mingi akijiuliza jambo ambalo sisi hulifanya bila kujiuliza: mwalimu mwema hufanya nini mtoto anapokwama?

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mashine inayosikiliza ni mgeni, na huenda ikawaponya watoto wengi wanaopata sekunde 48 tu za kusikilizwa. Lakini mgeni huonyeshwa kisima kilipo, njia ipitayo na jina la kila aliyemo nyumbani. Asipoonyeshwa, ataishi humo kwa kubahatisha, na watakaoumia ni watoto wa nyumba. Ujuzi wa kumwonyesha tunao sisi, umelala masikioni mwetu na katika madaftari tusiyoyaandika bado. Tuyaandike.